Mvua, Presha na Macho ya Mjusi

13 Julai

Wamenirudisha. Nilikuwa nimeshavaa gauni la hospitali na jicho la kulia limeshatiwa matone, nesi akanifunga mkono kwenye mashine ya presha, akatazama, akafunga tena. 188 kwa 104. Daktari akasema kwa presha hiyo hagusi jicho la mtu. Mtoto wa jicho atanisubiri. Nirudi tarehe 18 Oktoba, na nikikutwa juu ya 160 nitarudishwa tena.

"Bibi una hasira na nani?" akaniuliza. Kijana mwenyewe ni rika la binti yangu. Nikamjibu sina hasira na mtu. Mume wangu, Khamphon, akakohoa.

Ndiyo maana naandika haya kwa kalamu nene na herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Jicho la kulia ni maziwa matupu, la kushoto limeanza ukungu. Kwenye kitanda changu cha mfumi kuna sketi ya hariri ya binti yangu Oraphin, imefika nusu, imesimama tangu Aprili kwa sababu siwezi kutofautisha uzi na uzi. Nafuma tangu nina miaka kumi na mbili. Nisipofuma sijui mimi ni nani, na hilo sijamwambia mtu.

Kesho Phansa inaanza, mafungo ya mvua ya sisi wafuasi wa Buddha. Watawa hawatalala nje ya hekalu miezi yote mitatu ya mvua, na sisi wa majumbani kila mmoja na nadhiri yake. Khamphon kama kila mwaka ameapa kuacha pombe. Mimi nimeapa kwenda kutafakari kila alfajiri, maana wanasema presha hushuka. Nataka macho yangu.

14 Julai

Anayetufundisha ni mtawa wa kike, Phikun. Kabla hajanyoa kichwa na kuvaa nyeupe alikuwa akiuza supu ya tambi stendi ya mabasi, na sauti ya stendi ameibakiza.

"Pumzi inaingia, jua inaingia! Inatoka, jua inatoka! Basi. Msitafute mchuzi mwingine!"

Nilikaa nikawaza bata wangu, paa linalovuja, na yule nesi. Nilipofungua jicho nikidhani nusu saa imepita, zilikuwa zimepita dakika nne.

15 Julai

Mvua. Magoti.

16 Julai

Mvua. Magoti. Khamphon asema zimebaki siku themanini na sita, ingawa hakuna aliyemuuliza.

18 Julai

Leo Wilaiwan kanipima. 182.

Wilaiwan ni mhudumu wa afya wa kijiji. Kila mwezi hupita nyumba kwa nyumba kwa pikipiki yake, mashine ya presha kikapuni na daftari kwapani. Kwa miaka tisa, kila nikisikia pikipiki hiyo, niliingia chumba cha nyuma kwenye kitanda changu cha mfumi nikafunga mlango, na Khamphon akatoka kusema, "Hayupo." Nilifuma polepole asinisikie. Sasa nahitaji namba, sina pa kujificha.

"Tulia, dada Sai. Usiongee, inapanda."

"Sijasema neno."

"Umesema hilo."

Miaka tisa iliyopita, kwenye mashindano ya hariri ya wilaya, sketi yangu ya nakshi ya macho ya mjusi ilikuwa inaelekea kuchukua nafasi ya kwanza. Kwenye karatasi, palipoandikwa "mbunifu", niliandika jina langu. Wilaiwan akasimama mbele ya waamuzi na watu wote akasema nakshi ile ni ya marehemu mama yake, Bi Onsi. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Ni kweli Bi Onsi alinifundisha kufunga mafundo ya nyuzi kabla ya kuzitia rangi. Lakini ile nakshi niliibadilisha mkia! Namwambia hivyo kila mtu mpaka leo.

Leo alipoondoka nilijikagua kiungo kwa kiungo: mabega yangu yalikuwa yamepanda karibu na masikio.

21 Julai

Siku takatifu ya kwanza ya Phansa. Tulivaa nyeupe, tukashika miiko minane, tukalala hekaluni. Mwiko mgumu kwangu ni wa kutokula kitu baada ya saa sita mchana. Jioni nilitoa kidonge changu cha presha. Cha asubuhi nilikuwa nimeshameza. Hiki cha pili Khamphon alinisomea karatasi yake nilipotoka hospitali: "Baada ya chakula cha jioni." Chakula cha jioni sikula, kwa hiyo na kidonge nikakirudisha mfukoni. Sikutaka kuvunja mwiko siku ya kwanza.

22 Julai

Nilikula samaki wetu wa mtungini mpaka nikalamba vidole. Chumvi yake ndiyo dunia.

27 Julai

Jambo geni. Nimegundua nauma meno. Si usingizini, mchana kweupe: nikisuka kikapu nauma, nikipika nauma. Nilikuwa nimekaa nafuata pumzi, nikashtukia taya langu limebana kama koleo. Nikaliachia. Likabana tena. Nikaliachia. Asubuhi nzima kazi yangu ilikuwa hiyo. Mchana kichwa hakikuniuma, na sikumbuki mara ya mwisho kichwa kutoniuma mchana.

28 Julai

Siku takatifu. Sikula, sikumeza. Nilikaa dakika ishirini.

4 Agosti

158! Nilimfanya Wilaiwan apime mara mbili. 158, kisha 156.

"Unafanya nini, dada Sai?"

"Nakaa," nikamwambia.

"Endelea kukaa basi. Na yule samaki wa mtungini?"

"Samaki muache."

Alicheka. Nilisahau kwamba ana kicheko cha mama yake. Nalala usiku mzima siku hizi, bila kuamka kubishana na watu ambao hawapo chumbani. Namshukuru mtawa Phikun na sauti yake ya stendi.

5 Agosti

Siku takatifu. Nyeupe, njaa, mvua.

12 Agosti

Oraphin alipiga simu kutoka Bangkok kunisalimia, maana leo ni siku ya akina mama. Akauliza kama nimeshapata nafuu ya macho. Nikasema presha yangu inashuka, nikajigamba dakika kumi. Akasema, "Mama, sauti yako imekuwa nyepesi." Nililia baada ya kukata simu, machozi mazuri tu.

Nimewaza hivi: ikiwa siku moja kwa wiki ya miiko minane imenishusha mpaka 158, nikiishika kila siku je? Kuanzia kesho sili baada ya saa sita mpaka Phansa iishe. Khamphon asema nataka kumpita mtawa.

20 Agosti

172. Wilaiwan alipima mara tatu, uso umemkunjamana.

"Dawa unameza?"

"Nameza ipasavyo," nikajibu, na ni kweli.

Nimekaa saa mbili leo.

22 Agosti

Saa mbili na nusu. Mtawa Phikun alinipita akasimama.

"Wewe hukai na pumzi. Umekaa na ile mashine ya presha kichwani mwako."

"Nina tarehe, Mama. Tarehe kumi na nane Oktoba."

"Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Nilikuwa na mteja pale stendi, kila siku anaunguza ulimi kwa supu yangu kwa sababu basi linaondoka. Na basi lenyewe halikuwahi kuondoka kwa wakati."

Nilikasirika, tena hekaluni. Nikahisi taya. Nikaliachia.

24 Agosti

Leo sikuhesabu dakika kwa sababu nilichoka. Nilikaa tu, mvua juu ya bati, pumzi ikienda na kurudi. Halafu nikamsikia Bi Onsi. Si mzuka, ni kumbukumbu, lakini sauti ilikuwa yake hasa, na mikono yake yenye rangi ya buluu mpaka kwenye viwiko: "Tatu, ruka moja, tano. Tatu, ruka moja, tano. Usiharakishe, Sai, mjusi ana macho mawili, sio matatu." Nikayahesabu mafundo yote pamoja naye, kutoka kichwani mpaka mkiani.

Sikubadilisha mkia. Nilibadilisha rangi tu. Yeye aliufanya mwekundu, mimi nikaufanya kijani. Miaka tisa nimesema uongo huu mpaka ukaniingia mfupani, na leo, nikiwa nimenyamaza tu, umetoka wenyewe. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

26 Agosti

Asubuhi ya kuwawekea marehemu chakula chini. Kabla jua halijachomoza tulikwenda hekaluni na vifurushi vyetu vya majani ya mgomba: wali wa kunata, ndizi, samaki, tambuu. Niliwafungia wazazi wangu, na safari hii nikafunga kimoja zaidi. Nilichagua pembe ya ukuta ambako hakuna watu. Nikainama kukiweka, na pale pale kulikuwa na mtu mwingine ameinama. Wilaiwan.

"Hicho cha nani, dada?"

Ningesema "cha mama yako" na mambo yote yangekwisha. Nikasema, "Cha mtu," nikampa mgongo. Kichwa kiliniuma siku nzima.

1 Septemba

Mvua. Kichwa. Zimebaki siku thelathini na tisa, asema Khamphon. Amenenepa, uso umemng'aa. Pombe ilikuwa ikimzeesha, na sikuwahi kumsifu hata mara moja kwa anavyojitahidi. Leo nimemsifu. Akaniuliza kama nina homa.

7 Septemba

Naandika nikiwa nyumbani. Nimelala hospitali siku tatu, sasa nieleze mambo tangu mwanzo.

Tarehe 3 ilikuwa siku takatifu. Alasiri nilikuwa nimekaa ukumbini na wenzangu, kichwa kinagonga kama ngoma ya arusi. Nikajiambia ni pumzi, fuata pumzi. Niliposimama kuwasujudia watawa, sakafu ikaja juu. Nakumbuka vigae baridi shavuni na mtawa Phikun akipiga kelele ya stendi: "Wilaiwan! Mleteni Wilaiwan!"

Wilaiwan alikuja na mashine. 204 kwa 116. Akaniamuru niinue mikono yote miwili, nitabasamu, nitaje jina langu kamili, Saithong. Nikataja. Akauliza na lake. Nikataja. "Afadhali," akasema. Tukapakiwa kwenye gari la mkuu wa kijiji, kichwa changu mapajani mwake, Khamphon mbele ameshika dashibodi kwa mikono yote miwili. Njiani Wilaiwan alinipapasa mfukoni kutafuta kadi ya hospitali akatoa pakiti ya vidonge.

"Dada Sai. Hivi vya jioni mbona vimejaa?"

"Sili jioni."

"Nimeuliza vidonge."

"Imeandikwa baada ya chakula cha jioni. Chakula cha jioni sili. Nimeshika miiko."

Khamphon, mbele kule, akasema polepole, "Mimi ndiye niliyemsomea."

"Tangu lini huli jioni?"

"Tangu tarehe kumi na tatu. Na siku takatifu zote."

Nilidhani atanigombeza. Aliinama akaweka paji lake la uso juu ya nywele zangu, akalia. "Dada yangu, we! Ungekufa kwa utii!"

Hospitali walinipa dawa na kuniweka kitandani mashine ikinifunga mkono kila baada ya saa. Daktari wa wodi alikuwa mwanamke mpole. Nilimwambia kutafakari kumenidanganya. Akasema hapana. Akasema kukaa kimya kunalegeza mwili, kunaweza kuishusha presha kidogo, kunampa mtu usingizi, naye humsihi kila mgonjwa wake ajaribu. Lakini ni mwenzake wa kidonge, si badala yake. "Umeondoa mguu mmoja wa ngazi, bibi, halafu unailaumu ngazi." Na samaki wa mtungini akampiga marufuku, isipokuwa kijiko kimoja.

Siku ya pili mtawa Phikun alikuja kunitazama. Khamphon alipomweleza habari ya kidonge aliketi chini kwa kicheko, na kisha akaacha kucheka.

"Dawa si chakula. Tangu enzi za Buddha mgonjwa anaruhusiwa dawa wakati wowote, hata mtawa, sembuse wewe. Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliona aibu kuuliza jambo dogo."

"Mficha uchi hazai. Na kosa ni langu pia. Kila siku takatifu nawaambia wazee msile, sikuwahi kuwaambia mmeze. Nitasema, tena kwa sauti."

Naamini atasema kwa sauti.

Jioni ile Wilaiwan alibaki nami ili Khamphon akaoge. Mvua ilikuwa inapiga madirisha ya wodi. Nilifuata pumzi mara tatu, nikaona nikingoja ya nne nitaogopa tena.

"Kile kifurushi kilikuwa cha mama yako."

Akageuka kunitazama.

"Na macho ya mjusi ni yake. Yote, pamoja na mkia. Nilibadilisha rangi tu. Nimekuita mwongo miaka tisa, na mwongo ni mimi. Nisamehe, Wilaiwan."

Alikunja na kukunjua mkanda wa mashine yake.

"Na mimi ningeweza kuja kwako siku moja kabla tukazungumza jikoni," akasema. "Nilikuaibisha mbele ya wilaya nzima. Mama angenichapa. Alikupenda wewe kuliko mimi, unajua? Mimi mikono yangu ya kuku. Siwezi kufuma hata kamba ya mbuzi. Ndiyo maana ilinichoma. Nilikuwa sina kitu chake ila jina."

Tukalia wote wawili. Mashine ikanifunga mkono yenyewe, tukaisubiri: 151.

"Haya, ona ilivyoshuka!" akaniambia, huku anajifuta machozi.

10 Septemba

Nimerudi hekaluni. Mtawa Phikun alitangaza kabla ya kukaa: "Wote wenye vidonge vya jioni, nyoosheni mikono!" Ilinyooka mikono kumi na moja. "Wangapi mlikuwa hammezi siku takatifu?" Ikashuka, ikabaki minne, wote wazee, wote wanaangalia sakafu. Nilimshukuru Buddha kwamba nilianguka mimi mapema.

15 Septemba

148. Nakula jioni, nameza jioni. Nakaa dakika ishirini, basi.

18 Septemba

Siku takatifu. Sikula. Nikameza kwa maji, mbele ya watu, kichwa juu.

25 Septemba

Maji yamejaa mashambani, vyura hawanyamazi. Nilikaa na vyura. Sikuwaza namba hata moja.

2 Oktoba

146. Wilaiwan alibaki kunywa chai. Nilimpeleka chumba cha nyuma nikamwonyesha sketi ya Oraphin, nusu yake. Akaipapasa kwa kidole. Nikamwambia ikiisha nitaandika jina la Bi Onsi kwenye pindo, kwa uzi, lisifutike. Akasema niandike na langu chini yake, la mfumaji, maana mfumaji pia ni mtu.

10 Oktoba

Phansa imekwisha. Tuliwasha mishumaa, tukawapa watawa sadaka. 142 kwa 84. Khamphon alifungua chupa yake aliyoihesabia siku tisini, akanywa funda moja, akakunja uso. "Hii imekuwa mafuta ya taa," akasema. Sijui kama kuacha kwake kutadumu. Nimeshukuru kwa leo.

17 Oktoba

Naogopa. Mabega yako masikioni. Nayashusha.

19 Oktoba

Jana nesi alinifunga mkono, akatazama, hakufunga tena. 144. Wakanifanyia upasuaji.

Leo asubuhi wamenitoa bandeji. Cha kwanza nilichokiona ni kucha za daktari, kila moja na mwezi wake mdogo mweupe. Kisha Khamphon, ambaye ana makunyanzi mengi kuliko nilivyomwona mara ya mwisho. Nikamwambia ni mzuri, akaomba nifungwe bandeji tena.

Wilaiwan alitusindikiza. Alipokwenda dirisha la dawa kuchukua matone yangu aliniachia daftari lake nimshikie. Nilitaka kulijaribu jicho, na maandishi yake ni madogo kama chawa. Nikafungua popote.

"Machi. Saithong: hayupo. Yumo, nasikia kitanda chake cha mfumi kinagonga. Nitarudi."

Nikarudi nyuma mwaka mmoja, miwili. Kila mwezi ni hivyo hivyo. Hayupo, nasikia kinagonga, nitarudi. Hayupo, kinagonga polepole, anadhani sisikii, nitarudi. Nikaja mbele tena.

"Aprili. Hayupo. Kinagonga kidogo, kinasimama, kinagonga. Nitarudi."

"Mei. Hayupo. Hakigongi kabisa. Macho? Nimemwambia Khamphon ampeleke hospitali, asiseme ni mimi."

Mwezi ule wa Mei nilishangaa mume wangu amepata wapi akili ya kunikazania hospitali, yeye asiyeona hata bata akiingia jikoni. Nikamtazama. Akatazama dari.

Wilaiwan akarudi na matone. "Unasoma nini, dada Sai? Hilo jicho lina siku moja!"

Nikamwomba kalamu. Nikatafuta ukurasa wa mwezi huu, mstari wenye jina langu, na pembeni yake nikaandika mwenyewe, kwa herufi ndogo kama zake: "Oktoba. Saithong: yupo."